Mkono wa Kokwa

Asubuhi, vyombo vikishaoshwa na jua likiwa bado halijaingia dirisha la jikoni, nyumba ile hunyamaza kwa namna ambayo zamani haikuijua. Friji inanguruma. Bomba linadondosha. Ila mchi hautwangi, na katika chumba cha kati mwanamke mzee hugeuza kichwa kuelekea ukuta wa jikoni, akasubiri, kisha akakirudisha taratibu kwenye mto.

Mama Keki, bintiye, humwona kupitia mlango ulio wazi, na huzidi kupiga mayai. Ukimya huu aliutaka mwenyewe. Aliupigania kwa ulimi na kwa viwiko, na siku ulipokuja ulikuwa kama gauni ambalo mtu amelililia dukani: akalivaa, likambana kwapani.

Aliyeuacha ukimya huo ni mke wa mdogo wake, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye viganja vipana kuliko umbo lake. Jina la Kokwa alipewa na Mama Keki wiki ile ile alipoletwa. Walikuwa wamekaa kibarazani na mama mdogo, yaani mdogo wake mama yao, na sauti haikushushwa hata kidogo.

"Kila kitu laini kina kokwa katikati," Mama Keki alisema. "Sasa na sisi tumepata letu. Umeni taratibu."

"Shauri yako," mama mdogo akajibu huku akicheka. "Mwenye meno mabovu ndiye anayeogopa kokwa."

Jina likashika. Hata mume akalitumia, kwanza kwa utani, halafu kwa mazoea, na mwenye jina akawa anaitika bila kugeuza uso, kama mtu anayeitwa na karani ofisini.

Mama yao, mwenye nyumba, alikuwa amepika miaka mingi katika kantini ya kiwanda cha nguo, na watu wote aliwapima kwa mikono. Mwenye duka la kona, bahili asiyeongeza hata punje, alikuwa na mkono wa birika. Mtunza stoo wa kiwandani, yule aliyefukuzwa kazi na magunia yakawa yametosha ghafla, alikuwa na mkono mrefu. Na palikuwa na mpishi mmoja, marehemu wa siku nyingi, ambaye mama akimtaja alinyamaza kidogo kabla ya kumalizia: "Yule alikuwa na mkono mtamu." Sifa hiyo hakuwahi kumpa mtu mwingine.

Mama Keki alioka tangu usichana wake. Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwao na oveni juu ya mkokoteni. Nguo zilifuata baadaye. Keki zake zilikatwa kwenye harusi za mtaa mzima, zikasifiwa na watu wasiojua hata jina lake la kuzaliwa. Lakini kila alipopeleka kipande cha kwanza chumba cha kati, mama alikionja akiwa amesimama, akalamba mdomo wa juu, akasema, "Si mbaya." Kisha akauliza kama umeme umelipiwa. Mwanamke mzima, mwenye mvi zake, alikuwa akirudi jikoni na ile si mbaya kama mtoto aliyerudishiwa daftari bila alama. Alijipa moyo kwamba ipo siku. Palikuwa na neno moja tu la kungojea duniani, na alikuwa amejipanga peke yake kwenye foleni.

Ndipo akaja Kokwa, ambaye hakuwasha moto.

Hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Kama angekuwa mpishi mbaya, angemsamehe. Kama angekuwa mpishi mzuri, angepambana naye. Lakini huyu aliingia jikoni na kinu cha mti, ungo na bakuli, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango wa nyuma, na jiko halikumjua. Alizipasua tende kwa kucha ya gumba, mgongoni, kwa urefu, akalichomoa kokwa na kuliangusha kwenye bakuli la bati. Hakuwa anatazama, alisikiliza. Kila tende ilikuwa na mlio wake, na mlio ukikosekana alirudi kuitafuta tende ile iliyomdanganya. Korosho na lozi alizianika juani kwenye ungo mpaka ziwe zinakatika kwa mlio, akazitwanga zenyewe kwanza, na akaziondoa kinuni kabla hazijaanza kutoa mafuta. Zikifuatiwa na tende, zabibu kavu, chembe ya chumvi, iliki, na ganda la limau lililokunwa, mchi ulibadilisha sauti, ukawa mzito, kama mtu anayetembea kwenye tope. Mwisho alilowesha viganja, akaviringa vidonge, akavigaragaza kwenye ufuta, akavifunika kitambaa na kuviacha rafu ya chini, penye ubaridi, vikazane vyenyewe.

"Huyo hapiki kitu," Mama Keki alimwambia mteja aliyekuja kuagiza keki, Kokwa akiwa pale pale. "Akipika, anapika majungu."

"Majungu yanataka moto, wifi," Kokwa alijibu, mchi ukiendelea. "Na mwenye moto humu ni wewe."

Mteja alicheka, na kicheko kile kilikaa jikoni siku nyingi kama harufu ya maziwa yaliyoungua.

Meza ilikuwa moja. Mama Keki aliweka ubao wa kukatia mboga katikati yake uwe mpaka, lakini ufuta haujui mipaka. Ulionekana kwenye unga, kwenye siagi, na siku moja kwenye sukari nyeupe iliyopakwa juu ya keki ya bibi harusi, punje tatu kama viroboto. Siku hiyo alilitoa gudulia la ufuta nje na kuliacha wazi mvuani. Wiki iliyofuata, keki ikiwa ndani ya oveni na inaanza kuinuka, Kokwa alifungua mlango wa oveni, akainama, akachungulia kwa utulivu kama mtu anayetazama kisimani. Keki ikazama katikati.

"Nilikuwa natafuta sufuria yangu, wifi."

"Sufuria ya nini, wewe usiyepika?"

"Ndiyo maana sikuikuta."

Waliishi hivyo. Mume alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na kila aliporudi aliikuta nyumba imetulia, maana wote wawili walikuwa na adabu ya kutogombana mbele ya mwanamume aliyechoka. Alikula keki ya dada, akala kidonge cha mke, akasema vyote vitamu, na kwa kusema hivyo aliwaudhi wote wawili kwa kipimo sawa.

Mara moja tu Mama Keki alisikia kwa nini wifi yake alikuwa hivyo. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa chumba cha kati na nguo zilizokunjwa mikononi. Kokwa alikuwa akimkanda mama miguu, na akasimulia bila kuulizwa. Alikulia juu ya ghala la magodoro. Mwenye ghala aliwapangisha chumba kwa sharti moja: moto usiwashwe, hata kiberiti. Sakafu ilikuwa ya mbao, na chini yake palikuwa na sufi mpaka darini. Mama yake alikuwa kibarua wa kuchambua tende bandani kwa mfanyabiashara, na zile zilizopasuka aliruhusiwa kuzichukua. Basi walikula kilichoweza kuliwa bila moto, na kilichokuwa kigumu walikitwanga. Hata baada ya kuhama, Kokwa alisema, akiona mwali chini ya sufuria moyo wake ulikuwa unashuka ngazi mbio.

"Na hukuwahi kuungua?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Niliungua kwa kuogopa."

Mama alicheka kwa upole ambao binti yake, nyuma ya mlango, hakuwa amewahi kufanyiwa. Mama Keki aliondoka na zile nguo, akazikunja upya ingawa zilikuwa zimekunjwa. Hakumwonea huruma. Alimwona kama mwizi aliyeingia kwa mlango wa mbele, akakaribishwa na kiti.

Halafu kiharusi kikampiga mama. Upande mmoja wa uso ulishuka, mguu ukawa mzigo, na maneno yakapungua mpaka yakabaki machache, yakitoka kwa zamu na kwa taabu. Keki ikawa adui: chembe zake zilimwingia kooni, akakohoa mpaka machozi. Mama Keki aliilowesha kwa maziwa, akaiponda, akaipitisha kwenye chujio. Mama alifunga mdomo.

Kokwa aliziloweka tende kwenye maji ya uvuguvugu ya kutoka bombani, akazimenya ganda moja moja. Korosho alizitwanga mpaka zikawa unga, akazipepeta kwa kitambaa, akazitwanga tena. Vidonge alivifanya vidogo kama mbaazi, bila ufuta, laini kiasi cha kuyeyuka juu ya ulimi. Akaviweka kimoja kimoja kwenye upande mzima wa kinywa, kidole chake kikingoja pale kwenye mdomo mpaka koo lishuke. Mama alikula. Alikula macho yamefumba, na jikoni mchi ulisikika kila asubuhi, na asubuhi ulipochelewa mama alianza kuhangaika na shuka.

"Sasa tunaendesha hospitali," Mama Keki alimwambia mama mdogo. "Na dawa ni vidonge vya Kokwa."

"Acha wivu, mwanangu. Mgonjwa akila, nani anauliza kalishwa na nani?"

"Mimi nauliza."

Aliuliza kweli. Alianza kuchungulia kopo la korosho, akaona linashuka. Lingeachaje kushuka, na mgonjwa alikuwa akilishwa korosho asubuhi na jioni? Lakini mtu akitaka kuona shimo, hata ungo huufanya kisima. Alianza kusema kwa chini chini, kwa huyu na kwa yule, kwamba vitu humu ndani vinaota miguu.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, mume yuko nyumbani, lori liko kwa fundi. Walikuwa wote chumba cha kati. Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha pekee, mume kwenye ukingo wa dirisha, Mama Keki mlangoni na taulo begani. Kokwa alipiga goti kando ya kitanda na sahani ndogo. Mama alikula kidonge cha kwanza, cha pili, kisha akauzuia mkono uliokuwa unaleta cha tatu. Akamtazama mwanawe. Akamtazama mdogo wake. Ilionekana ana neno, na watu wote wakanyamaza kumpisha neno hilo lipite.

"Huyu," mama alisema. Pumzi ikakatika. Akaanza upya. "Huyu... ana mkono..."

Kikohozi kikamkamata. Kilimtikisa, kikambana, na katikati ya kikohozi mkono wake mzima uliruka ukamshika Kokwa kifundo cha mkono, ukakibana kwa nguvu ambazo hawakujua amebaki nazo.

Mama Keki alilijua neno lililokuwa linakuja. Alilijua kwa ule ukimya mfupi uliolitangulia. Alikuwa ameungojea ukimya ule maisha yake yote, na sasa ulikuwa unamwangukia mwingine, mbele ya mashahidi. Kinywa chake kikafika kwanza.

"Mrefu," alisema. "Amesema mrefu. Mmesikia wenyewe. Na mnaona alivyomkamata."

Hakuna aliyejongea. Waliutazama ule mkono mkongwe uliokamata kifundo, na kwa kuwa neno lilishatiwa, wote wakaona mwenye mali aliyemshika mwizi wake.

"Mrefu nini, dada?" mume akauliza.

"Kachungulie kopo la korosho. Mimi nimenyamaza kwa heshima yako. Mama amechoka kunyamaza."

"Mama," mume akainama juu ya kitanda, "ndivyo ulivyosema?"

Mdomo wa mama ulifanya kazi. Ulitoa hewa, mate, sauti isiyo na herufi. Kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kukibana kile kifundo, na ndivyo ushahidi ulivyozidi kukaza. Mama mdogo aliitazama sakafu. Alikuwa ameishi na misemo ile ya mikono ya dada yake tangu utoto, na pengine naye alisikia kilichokuwa kinakuja. Lakini ni mtu wa kupenda chai yake kwa amani.

Kokwa hakumtazama wifi yake. Alimtazama mumewe, akangoja. Hilo ndilo alilolitaka katika chumba kile, neno moja la mume. Mume alikuna shingo.

"Tulia kwanza," akamwambia. "Tutalizungumza."

Kokwa akakivua kifundo chake kidole baada ya kidole, kwa upole, kama anayemenya tende. Akaifuta midomo ya mama. Akasimama.

"Wifi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, sauti ya kuomba chumvi. "Siku zote unasema mimi ni mtu wa vidonge. Leo chukua vyako. Mimi niliolewa nikaletwa humu. Wewe uliolewa ukarudishwa, na tangu siku hiyo unaoka, unaoka, unangoja mtu akuambie hukuungua. Hatakuambia. Sasa umemziba mdomo mgonjwa ili usisikie akimwambia mwingine. Uwe na haya hata kwa oveni yako, inakuona."

"Ondoka mbele yangu."

"Naondoka. Nilikuwa nimeshachelewa."

Akafunga virago mchana kweupe. Alichukua ungo, bakuli la bati, na kile kinu, alichokibeba tumboni kama mtoto. Mume alimfuata mpaka getini akisema tulia, tulia, kama mtu anayembembeleza ng'ombe, na getini akasimama.

Kesho yake mama hakula. Wala kesho kutwa. Mama Keki alipika mchuzi wa mifupa, akaponda viazi, akachemsha matunda mpaka yakawa maji. Mama alikunywa vijiko vichache vya kumzuia asife, akageukia ukuta.

Ndipo Mama Keki akanunua tende. Alijifungia jikoni kama mtu anayefanya jambo la aibu. Alizipasua kwa kisu, na kwa kuwa kinu hakikuwepo, korosho alizisaga kwa mashine ya umeme. Alizisaga mno. Hakujua kwamba korosho ikipita kiasi hutoa mafuta na kukataa kushikana, na alipoviringa, vidonge vilimteleza mikononi kama sabuni. Mtu mwingine angevitupa aanze upya. Yeye alikuwa mwokaji. Katika mikono yake, chakula ambacho moto haukukipitia kilikuwa bado hakijawa chakula. Kilichokuwa kibichi kilirekebishwa na oveni, na kilichokuwa kinalia mafuta kilinyamazishwa na oveni. Alivipanga kwenye trei, akaviingiza ndani, akasimama akivilinda. Vilitoka vyeusi kando, na vilipoanza kupoa vilikuwa vigumu kama kokoto za mtoni.

Alichagua kile kilichoungua kidogo kuliko vyote, akakipeleka chumba cha kati. Walikuwa wawili tu. Mama alipokea kwa kinywa, macho yamefumba, kama alivyozoea. Akangoja kiyeyuke. Hakikuyeyuka. Akafumbua macho, akakitoa kwa vidole vyake mwenyewe, akakiweka kwenye kiganja cha binti yake, na kukikunja kile kiganja juu yake kwa uangalifu, kama anayemrudishia mtu kitu chake alichokidondosha njiani.

Kisha, bila kikohozi, bila haraka, akasema lote:

"Mkono mtamu... uko wapi?"

Mama Keki alikaa na kile kidonge mkononi. Kilikuwa bado na moto ndani. Kupitia dirishani aliweza kumwona mdogo wake uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hafanyi lolote. Ilikuwa ni kuita tu. Kuita jina lake, aje, asikie kwa masikio yake, aondoke mbio na viatu mkononi akamtafute mkewe. Sentensi moja. Mtoto angeibeba.

"Umekwenda zake, mama," akasema. "Ulikuwa mrefu."

Mama alimtazama kwa muda. Jicho lile la upande mzima lilimpitia kuanzia kilemba mpaka kwenye aproni yenye unga, bila hasira, kama jicho la mpishi mkuu linalopita juu ya sufuria ya mwanafunzi. Hakusema si mbaya. Hakusema kitu, na tangu siku hiyo hajasema tena neno lolote kwa mtu yeyote. Daktari anaeleza kwamba ni maendeleo ya ugonjwa, na Mama Keki humshukuru daktari mpaka mlangoni.

Mdogo wake alimwuliza mara moja tu. Alikuwa anafunga kamba za viatu, lori limeshapona, linamngoja barabarani.

"Dada, siku ile. Mama alisema nini hasa?"

"Ulikuwepo. Masikio unayo."

"Nilisikia mkono. Mrefu nilisikia kutoka kwako."

"Basi kamwulize mwenyewe."

Alitazama kuelekea chumba cha kati. Akamaliza fundo, akafunga la pili, akachukua mfuko wake wa nguo, na safari hii aliweka ndani mpaka sweta za baridi.

Keki bado zinaagizwa. Meza nzima ni yake sasa. Wateja wakimwuliza wifi yake yuko wapi, Mama Keki huwaambia hajui, lakini anajua, maana mwuza unga wa ngano alimpa habari zote bila kuombwa, na kwa furaha kidogo. Kokwa yuko mji wa pili, upande wa stendi ya zamani. Amepanga chumba juu ya karakana ya kushona viti, na anafanya kazi ya zamu katika jiko la hospitali ya watoto, sehemu ya vyakula baridi. Mumewe hulala huko akiwa hana safari.